Masega Sita ya Julai

Mimi huambiwa na muuza miwa kwamba maua yamekwisha. Ana kigari chake nje ya geti la kanisa letu hapa mtaa wa Fedha, Nairobi, na kuanzia Aprili mpaka mwanzo wa Juni nyuki wangu hupita juu ya kichwa chake bila kumjali, maana mikalitusi ya kando ya mto imechanua, na miparachichi ya nyua za watu, na magugu yote ambayo hakuna aliyepata muda wa kuyafyeka. Kisha siku moja katikati ya Juni nyuki watatu wanatua kwenye kisu chake. Kesho yake ni thelathini. Hapo huniita.

"Mathe, hawa watu wako wamerudi. Wamejaa hapa ka makastoma, na hakuna mwenye ananunua."

Wengine wana kalenda na wengine wana mitambo kwenye simu zao. Mimi nina kigari cha miwa na hakijanidanganya hata mara moja. Nyuki mwenye maua hana haja na miwa. Akishuka kwenye miwa, jua hakuna kinachoingia ghalani tena, na mimi nina wiki mbili za kuamua ni kiasi gani cha akiba yake ni changu. Wiki mbili hizo ndizo ufugaji wenyewe. Mengine yote ni kuweka maji na kufukuza siafu.

Mzinga wangu ulikuwa wa baba. Ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, lina vifuniko vya mbao huku na huku, na ubavuni lina alama ya ukoo wetu, mikato mitatu na nukta, iliyochomwa kwa chuma cha moto ili mtu wa ukoo mwingine asijisahau. Baba alikuwa mchonga vinyago. Miaka yake yote hapa mjini alichonga twiga wa kuuziwa watalii, na kila likizo alirudi nyumbani Ukambani kuchonga kitu alichosema ndicho cha maana, yaani mizinga. Kwetu mwanamke hagusi mzinga. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini mwanawe wa kiume, ndugu yangu anayenifuata, aliumwa na nyuki akiwa na miaka tisa akafura uso hata macho yakapotea siku mbili, na tangu hapo hakuukaribia tena mti wenye mzinga. Nani basi angeshika moshi? Nilishika mimi. Baba alisema watu wakiuliza tuseme nilikuwa nachuma kunde.

Alipofariki, mizinga ilikwenda kwa mwana wa kiume, kama desturi inavyotaka. Yaani mtu anayeogopa nyuki alirithi mizinga saba, na mimi niliyeumwa mara zisizo na idadi nikarithi blanketi. Niliwaambia wazee wa ukoo hivyo hivyo, wakiwa na vikombe vyao vya chai mkononi. Walipuliza chai. Ndugu yangu, ambaye si mtu mbaya, alinifuata nje akanipa mmoja, ule wa mwisho baba kuuchonga, kwa sharti.

"Ukae nao huko mjini, dada. Lakini siku nyuki wakihama, unarudi nyumbani. Mzinga wa baba hauwezi kukaa mtupu kwa mwanamke. Watu watasema."

Watu watasema nini, sikumuuliza. Nilikubali haraka kabla hajabadili nia.

Nakaa mtaa wa jirani, Tassia, ghorofa ya nne, mahali ambapo jua huingia kwa ruhusa ya jirani, kwa hiyo mzinga haungekaa kwangu. Kanisani nilikuwa katika kamati ya usafi. Nikaomba kona ya nyuma kabisa ya uwanja, mbali na watoto, penye mjakaranda mmoja mzee. Mlinzi wa kanisa, baba mmoja wa Kakamega mwenye koti refu na maneno mengi, alinisaidia kuuning'iniza kwa waya.

"Mama, mimi naheshimu nyuki kuliko wazee wa kanisa," aliniambia. "Wazee hawana mishale."

"Basi ukae mbali nao."

"Na wazee pia?"

Nilisugua mlango wa mzinga kwa nta, na mvua za Novemba zilipokuja kundi likaingia lenyewe kabla ya mwezi kwisha. Nikavimba kichwa. Nikasema kumbe mjini ni kama nyumbani tu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la mtu aliyefundishwa vizuri. Nyumbani baba alikuwa akivuna asali yote, asibakishe ila masega ya majana, yale yenye watoto wa nyuki. Nyuki wakikasirika wakahama, hakujali. Porini makundi ni mengi, na mvua zikirudi kundi jingine linaingia. Kwake mzinga ulikuwa kama nyumba ya kupanga: mpangaji akitoka, mwingine yuko mlangoni na godoro lake. Nami mwaka juzi, mwisho wa Juni, nilivuna kama baba. Nilijaza ndoo ya lita kumi, nikagawia nusu ya kanisa, nikampelekea ndugu yangu chupa nne, nikasifiwa na kila mtu. Nilikuwa bado sijajua Julai ya Nairobi ni nini kwa mdudu asiye na akiba.

Wiki ya pili ya Julai, katika baridi ile ya mawingu yasiyofunguka, nilikwenda kuugonga mzinga. Ndivyo baba alivyonifundisha: unagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, unaweka sikio kwenye gogo, unasubiri. Ndani watanguruma kidogo, kisha watatulia. "Wakijibu, wapo," alikuwa akisema. "Wasipojibu usifungue, hutaki kuona." Niligonga. Nikagonga tena. Nikafungua, nikaona. Masega makavu, nondo wa nta wameshaanza kazi yao, na chini nyuki wachache waliokufa wakiwa wamejikunja. Nililia pale chini ya mjakaranda, na mlinzi akageuka akajifanya anafagia majani.

Jioni ile ile ndugu yangu alipiga simu kunijulia hali. Hakosi kuuliza.

"Nyuki wapo?"

"Wapo," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Likishatoka mara moja, mara ya pili halina kazi. Nililisema Agosti, nikalisema Oktoba, nikalisema Krismasi nikiwa nimekaa naye uani kwake nikichambua mchele. Mtu mzima, nyanya wa watu, nadanganya juu ya wadudu. Nilijiambia kundi jipya liko njiani. Mvua za Novemba zikaja, na mlangoni pa mzinga hapakutua hata nzi. Porini ni porini. Huku mjini, kundi lisilo na mwenyewe likitua kwenye dirisha la mtu, linamwagiwa mafuta taa kabla halijapumzika.

Liliokoka moja. Aprili mwaka jana mlinzi alinipigia simu asubuhi kwamba nyuki wameingia ndani ya ile spika kuukuu ya pembe juu ya paa la kanisa, iliyokuwa haitoi sauti tangu zamani. "Njoo mbio, mama, kamati imeshamwita mtu wa dawa." Nilivaa kabisa nyumbani, koti la mvua, gambuti, na pazia la neti kichwani, nikaenda kwa miguu. Watu wa Tassia walinipisha njia bila kuuliza swali. Mtu wa dawa alinikuta nimeshapanda ngazi, nimeweka katoni chini ya spika, nawafagia taratibu kwa unyoya wa bata mzinga. Alisubiri dakika chache, akatazama, akaondoka na pampu yake. Jua lilipoanza kuzama nikawamimina mbele ya mlango wa mzinga wa baba, nao wakaingia kwa maandamano, bila fujo, na mimi nikaahidi mbele ya mlinzi na mbele ya Mungu kwamba hawa sitawalaza njaa.

Mwaka huo sikuvuna hata tone. Nilisema msimu ulikuwa mbaya. Huo ulikuwa uongo wa pili, ila mdogo.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, ndugu yangu alipiga simu na habari njema. Mwanawe wa kwanza anaoa, na ntheo itakuwa mwanzo wa Julai. Ntheo ni ile siku ambayo kwetu mbuzi watatu wanapelekwa kwa wakwe na binti anahesabiwa wa kwetu. Pasipo hiyo, hata mkiishi miaka arobaini, hamjaoana.

"Asali ya ntheo itoke kwenye mzinga wa baba," alisema. "Na desturi unaijua. Chombo hakiendi kwa wakwe kikiwa pungufu."

"Naijua." Chombo pungufu kinamwambia mkwe kwamba binti yake naye tumemwona pungufu. Watu wamerudishwa na mbuzi wao kwa sababu hiyo.

"Nitakuja na ndoo. Ya lita kumi, kama ile ya mwaka juzi."

Nilikaa na simu mkononi nikiiona kichwani ndoo ile. Kuijaza ni kuukausha mzinga. Nikiukausha, nyuki wanahama. Wakihama, gogo la baba linarudi Ukambani kuning'inia kwenye mti ambao mwenyewe hathubutu kuusogelea. Sikuhitaji kuwaza sana. Siku iliyofuata nilivuta kitu kutoka chini ya kitanda, nikakifunga kwenye leso, nikakipeleka soko la Kariokor kwa fundi wa ngozi, nikamwambia ninachotaka, nikamkalia pale pale mpaka akamaliza. Fundi wa Kariokor usipomkalia, kazi yako inalala nyuma ya viatu vya watu.

Ndugu yangu alifika Jumamosi ya mwisho ya Juni, na ndoo yake nyeupe yenye kifuniko. Alikuwa na furaha ya mzazi anayeozesha mwana. Alisimama kwa muuza miwa akanunua kipande, na kabla hajakitafuna nyuki wawili walimkaribia. Aliuacha muwa hapo hapo akahamia kibanda cha mlinzi, akafunga mlango.

"Huyo ni nani wako?" muuza miwa aliniuliza.

"Mwenye mizinga," nikamwambia.

Nilivuna jioni, jua likiwa limelala juu ya paa za ghorofa. Moshi wangu ni wa trei za mayai na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya mkebe wa rangi uliotobolewa. Nilifungua kifuniko cha nyuma, kwa sababu majana hukaa karibu na mlango na asali huwekwa nyuma, nikapuliza moshi, nikangoja. Walikuwa wakali. Nyuki wa mwisho wa msimu hana subira, anajua alichonacho ndicho hicho. Sega la kwanza lilikuwa jeupe, limezibwa nta kote, zito. Nikakata la pili, la tatu, la nne, la tano. Baada ya hapo nilihesabu kwa macho masega mengine sita kabla ya majana. Baridi yetu ni kama wiki sita. Sega moja kwa wiki moja, ndiyo hesabu yangu, sikuisoma popote. Nikarudisha kifuniko, nikakikaza.

Ndugu yangu alitoka kibandani nilipokuwa tayari mbali na mti, navua neti. Akachungulia ndoo.

"Hii haifiki hata nusu."

"Haifiki."

"Na ndani?"

"Yamebaki masega sita."

"Ya nani?"

"Ya wenyewe."

Alicheka, lakini si kicheko. "Dada, utaniaibisha kwa wakwe kwa ajili ya wadudu? Baba alikuwa akimaliza yote, na nyuki walikuwa wakirudi."

Ningeweza kumwambia mjini si nyumbani, mazungumzo yaishie hapo. Nilikuwa nimechoka kuubeba ule uongo.

"Kwa baba walirudi. Kwangu hawakurudi. Mwaka juzi nilimaliza kama yeye, wakahama. Mzinga ulikaa mtupu miezi tisa. Kila uliponiuliza, nilikudanganya."

Alirudisha kifuniko cha ndoo. "Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Neno hilo lilimuuma, nililiona likiingia. Mimi nilitegemea ukali, na ukali naujua, ningeujibu. Hiyo sura ya mtu aliyeachwa nje ya nyumba yake sikuwa nimeitegemea, na niliona haya kweli kweli.

"Basi mzinga ulipaswa kurudi zamani," alisema.

"Ulipaswa."

"Nauchukua leo."

Hapo haya ikanitoka, hasira ikaingia. Nilimnyooshea neti. "Chukua. Wamo ndani, na wamekasirika, nimetoka kuwaibia sasa hivi. Waya umefungwa mara tatu. Anza na fundo la kushoto."

Mlinzi alikohoa, akasogea hatua kumi nyuma. Ndugu yangu aliitazama neti, akautazama mti, akaitazama neti tena. Sijivunii jambo lile. Najivunia kidogo.

"Mwisho wa Julai," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sharti ni lile lile. Nikija nikikuta mtupu, naleta watu wa kuubeba."

"Ni haki yako."

Alilala kwangu usiku huo bila kunisemesha. Asubuhi nilipomaliza kuchuja asali nilimtolea kile kitu cha Kariokor, nikakiweka mezani mbele ya chai yake. Ni kithembe, pipa dogo la mti ambalo kwetu ndilo chombo cha asali tangu zamani, kabla plastiki haijazaliwa. Baba alikichonga kwa patasi zile zile za twiga, akanipa akiwa bado hai. Kifuniko chake cha ngozi kilikuwa kimeoza, na sasa kilikuwa na kipya, kilichoshonwa kikabana. Nilimimina asali ya masega matano mpaka ikasimama ukingoni, usingeweza kuongeza kijiko. Ikabaki chupa moja.

"Desturi inasema chombo kijae," nikamwambia. "Haikusema ndoo."

Alipitisha kidole kwenye alama ya ukoo ubavuni mwa kithembe, mikato mitatu na nukta. "Ulipanga hivi tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Wewe ni mtu mbaya sana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikunywa chai yake yote.

Siku ya ntheo nilikuwepo. Mzee wa upande wa binti alifungua ngozi, akaona asali imefika ukingoni, akachovya, akaonja, akampa mwenzake. Mbuzi wakapokelewa. Ile ndoo nyeupe imebaki kwangu, napigia deki.

Lakini harusi za watu hazipashi mzinga joto. Julai ilikuja na baridi yake. Niliufunika mzinga kwa magunia mawili na kipande cha bati, nikaupunguza mlango ukabaki wa kupita nyuki wawili, nikapaka grisi kwenye waya siafu wasipite. Baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kungoja, na kungoja sikujaliwa. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyuma nikagonga. Jumapili ya kwanza walijibu. Ya pili walijibu. Ya tatu mvua ya manyunyu ilikuwa imekaa siku tano, na jibu lilikuwa jembamba, hata nilirudi Jumatatu na Jumatano kusikiliza tena. Sitajifanya sikuogopa. Niliogopa kama siku ile walipompeleka baba hospitali.

Jumapili ya mwisho ya Julai nilikuwa chini ya mjakaranda simu ilipolia. Ndugu yangu hakuweza kuja, gari la kazi lilikuwa limempeleka mbali. Nilimsikia akisita.

"Wapo?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Neno lile nililitumia vibaya kwa miezi tisa. Ningelisema sasa likiwa kweli, angelisikia vile vile.

"Ngoja," nikasema.

Nilibandika simu kwenye gogo, pale penye alama ya ukoo, nikagonga mara mbili. Walijibu wote kwa pamoja, nene, mpaka nikausikia mtetemo kwenye vidole. Kisha wakatulia. Niliirudisha simu sikioni na hapakuwa na sauti, nikadhani imekatika. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu, mwenye mizinga, ana miaka hamsini na sita na hajawahi hata siku moja kuweka sikio kwenye mzinga wa baba yake.

"Rudia," alisema.

Nikabandika simu tena, nikagonga.